Barua ya wazi kwa mmiliki wa mgahawa wa Kithai mtaani kwetu

Fundi Cherehani,
Mkabala na dirisha lenu,
Mwanga, Kigoma.

Kwa Ndugu Mmiliki na Ndugu Meneja,
Mgahawa wa chakula cha Kithai cha kufungasha,
Hapa hapa mtaani.

YAH: MALALAMIKO YA WATEJA NA KURASA ZILIZOCHANWA KWENYE DAFTARI LA MAONI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ndugu zangu, salaam. Sina haja ya kuuliza kama biashara inaenda, maana kibaraza changu kinatazamana na dirisha lenu, na ikifika saa saba mchana bodaboda zinapanga foleni mpaka kwenye ngazi yangu. Niseme mapema kwamba sina mgahawa, sina ndugu mwenye mgahawa, wala sijatumwa na yule mama wa chipsi wa pale kona. Mimi nashona. Ila fundi ana benchi. Mtu anasubiri pindo la suruali, boksi lenu liko mapajani, anakula huku anasema. Kwa miaka miwili sasa nadhani nimesikia maoni kuhusu chakula chenu kuliko mlivyoyasikia ninyi wenyewe.

Kuandika hadharani hakukuwa chaguo langu la kwanza. Mwezi wa tatu nilivuka barabara nikaongea na Ndugu Meneja, akanijibu kwamba atalifanyia kazi. Mwezi wa nne nilikutumia ujumbe wa simu wewe Ndugu Mmiliki, mara tatu, na tiki mbili za bluu zikanionyesha kwamba umesoma. Mwezi wa tano niliandika ukurasa mzima kwenye daftari la maoni mlilolifunga kwa kamba pembeni ya dirisha. Wiki iliyofuata ukurasa wangu haukuwepo. Basi nikasema yaishe, majirani tusigombane kwa ajili ya wali. Ningenyamaza hivyo hivyo kama si yaliyotokea mwezi wa sita, ambayo nitayaeleza kwanza kabisa.

Kabla ya hapo niwape haki yenu. Mlipofungua, mtaa ulishangaa. Mchuzi wenu wa kijani ulikuwa na tui zito, pilipili mbichi zilizosagwa na majani ya mrehani, na mchaichai ulinukia mpaka kwangu nikiwa nimeinamia cherehani. Ile som tam yenu, papai bichi linalopondwapondwa kwenye kinu na ndimu na pilipili, wazee waliicheka sana, kwa kuwa sisi papai bichi tulilijua kwa kulainishia nyama ngumu. Mzee mmoja alionja kwenye benchi langu, akatafuna kwa muda, akatoa hukumu: "Hii ni kachumbari iliyopigwa." Kesho yake akarudi kununua ya kwake. Ndugu Mmiliki, ulituambia ujuzi huo uliupata Zanzibar, jikoni mwa hoteli, chini ya mpishi kutoka Thailand. Tulikuamini, na ladha ilikushuhudia. Malalamiko yangu yanatoka kwa mtu aliyekuwa mteja wenu wa kila Ijumaa.

1. Karanga.

Mwezi wa sita mdogo wangu alikuja kutoka Kasulu na mwanawe wa miaka sita. Mtoto huyo ana mzio wa karanga, hospitali walishamwambia mama yake. Alipoona picha ya tambi kwenye bango lenu akazitaka. Nikavuka mwenyewe. Nikamwuliza kijana wa dirishani, pad thai ina karanga? Akasema, "Mama, leo karanga zimeisha." Nikauliza tena, na ndani ya sosi? Akasema hamna.

Tonge la tatu, mtoto akaanza kujikuna shingo. Mdomo wa juu ukavimba kama ameumwa na nyuki. Kilichonitisha zaidi ni sauti yake: alitaka kumwita mama yake, ikatoka kama mtu anayenong'ona. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji, akachomwa sindano, wakamweka chini ya uangalizi mpaka jioni. Amepona, Mungu ni mwema.

Jioni ile nilirudi dirishani na boksi. Ndugu Meneja alichovya kidole kwenye mabaki, akalamba, akasema kwa utulivu kabisa: "Aa, hiyo ni siagi ya karanga, kidogo tu, ya kuongeza uzito." Karanga zilizokuwa zimeisha siku ile ni zile za kunyunyizia juu. Kijana wenu hakunidanganya, maskini, hakuna aliyemwambia kinachoingia kwenye sosi. Nawe Ndugu Mmiliki ulipopigiwa simu ulisema karanga si sumu, Kigoma nzima wanakula karanga.

Ni kweli wanakula, hata mimi nakula. Lakini kwa mwenye mzio, karanga ni sumu, na hiyo "kidogo tu" inatosha. Kuzikaanga karanga hakuiondoi sumu hiyo. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2014 wana sheria inayomtaka hata muuza chakula kisichofungwa amweleze mteja kama kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyojulikana kuleta mzio, karanga zikiwemo, samaki wakiwemo, kamba wakiwemo. Siwadai sheria ya Ulaya, nawadai jibu la kweli dirishani.

Na hapa nitawasema kama mtu wa jikoni, niwieni radhi. Sosi ya pad thai haihitaji siagi ya karanga. Msingi wake ni ukwaju, sukari ya mnazi na nam pla, yaani yale maji ya samaki waliovundikwa kwenye chumvi. Karanga huja mwishoni, zimepondwa, zinawekwa juu au pembeni. Ungebaki na njia hiyo, mtoto yule angeomba bila karanga na angekula salama. Ukwaju unauzwa sokoni hapa, haujapanda meli.

2. Karai moja.

Mwaka huu mmeongeza nguruwe kwenye orodha. Hilo ni jambo lenu, na kitimoto ina wapenzi wake, tena wengi. Lakini nusu ya wateja wenu wanatoka Ujiji, wengine wanaagiza futari kwenu tangu mwanzo. Mama mmoja aliyekuja kuchukua baibui kwangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama karai la kuku ndilo la nguruwe. Sikuwa na jibu, nikamtuma kwenu. Akaambiwa, "Tunaosha vizuri." Alirudi kwangu, akaliweka boksi lake juu ya meza ya kukatia vitambaa bila kulifungua, akaondoka. Halikuliwa na mtu. Yeye alitaka kujua karai ni moja au ni mawili, na ninyi mkamjibu habari za sabuni. Tangu siku hiyo sijamwona upande wenu wa barabara, wala wifi zake wawili.

3. Jina moja, chakula kingine.

Supu ya tom yum mnayouza siku hizi ni maji ya moto, nyanya ya kopo, kyubu ya supu na pilipili ya unga. Haina mchaichai. Jamani, mchaichai! Mmea ambao hapa Kigoma kila nyumba ya tatu umeota karibu na karo, mtoto anatumwa kung'oa majani ya chai ya jioni! Kijana wangu alinisomea kwenye simu kwamba Desemba 2024 UNESCO waliiandikisha tom yum kung, ile ya kamba, kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni. Watu wa Thailand wamefikisha supu yao huko, sisi hapa Mwanga tunauziwa jina lake na kyubu ndani.

Mnielewe vizuri hapa, kwa sababu najua mtakimbilia kusema kwamba vitu vya Kithai havipatikani mwisho wa reli. Sidai mlete khulinjani, ule mzizi jamaa wa tangawizi, kutoka Bangkok. Chakula kinabadilika kikisafiri. Hiyo pad thai yenyewe si ya kale kama tunavyodhani: ilipigiwa debe na serikali ya Waziri Mkuu Plaek Phibunsongkhram, ile ile iliyobadili jina la nchi kutoka Siam mwaka 1939, na tambi walizitoa kwa Wachina. Kwa hiyo badilisheni, ila mtuambie. Kamba hakuna? Andikeni "tom yum ya mgebuka", na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Nazi imepanda kwa kuwa inatoka pwani? Andikeni kwamba leo mchuzi una tui kidogo. Na kuhusu nam pla, ninyi mko umbali wa bajaji moja kutoka mwalo wa Kibirizi, ambako dagaa wanaanikwa kwa marobota. Kule Thailand maji hayo hutengenezwa kwa visamaki vidogo ambavyo ni jamaa wa dagaa wetu. Mji mzima unanuka malighafi yenu.

Kisingizio cha kufungwa kwa ziwa nakikubali nusu. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na kila mtu aliumia, dagaa waliadimika mpaka tukahesabiana kwenye sahani. Kama bei ya samaki ilipanda kwenu, ilipanda hata kwangu. Lakini ziwa lilifunguliwa, bei yenu haikushuka, na mchaichai hauvuliwi ziwani.

4. Wali wa jana.

Wali wa kukaanga unahitaji wali uliopoa, hilo hata bibi zetu walilijua, kiporo ndicho kinachokaangika vizuri. Tatizo ni kiporo kilicholala wapi. Kutoka kibarazani naona sufuria yenu kubwa ikikaa juu ya stuli nyuma ya dirisha tangu jioni, imefunikwa kwa kitambaa, mpaka asubuhi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi hata mchele ukichemka. Wali ukikaa nje kwenye joto wanazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiishi nguvu kwa kuupasha moto tena. Vijana wawili wa gereji waliharisha na kutapika siku moja baada ya kula boksi moja. Siapi kwamba ni wali wenu, walikula na maembe. Ila friji mnayo, nimeiona ikishushwa kwenye gari, ndani yake naona soda.

Mtasema umeme. Sawa, Kigoma tumeishi miaka mingi kwa jenereta za mafuta na kukatika kwa umeme tunakujua. Siku umeme umekatika, pikeni wali kidogo.

5. Boksi.

Boksi jipya lina kitako kilichoingia ndani. Kwa nje ni lile lile, kwa ndani limepungua vidole viwili, na bei imepanda kutoka elfu nane hadi kumi na mbili. Mimi napima nguo kwa kazi, jicho langu halidanganywi na kitako.

6. Daftari la maoni.

Nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo limenifanya niandike barua badala ya kuhama mgahawa.

Mlipoliweka nililipenda. Mgahawa wa Kigoma unamwomba mteja aseme! Watu waliandika kweli. Mwalimu mmoja aliandika kwa wino mwekundu, kama anasahihisha mtihani, na kuwapa alama saba kwa kumi. Kuna aliyelalamikia chumvi. Kuna aliyemsifu yule dada anayefunga maboksi kwa kamba ya mgomba, akasema anakuja kwa ajili ya vifundo vyake.

Jumatatu iliyopita nililifungua tena. Ni daftari la kurasa nyingi, mgongo umeshonwa kwa uzi, nami uzi ndiyo kazi yangu. Ukilifungua katikati unaona vipande vyembamba vya karatasi vimebaki vikishikwa na uzi, kama meno ya kitana. Nilihesabu kumi na kimoja. Kwa kuwa karatasi za namna hiyo zinakwenda mbili mbili, wenzake wa upande wa pili wamelegea, wanataka kudondoka, na kwenye hao waliolegea ndimo zilimo sifa. "Chakula kitam sana." "Kitam sana hongereni." "Nimerizika, kitam." Mwandiko ni mmoja, kalamu ni moja, na huyo mtu hajawahi kukutana na u ya mwisho ya kitamu. Kijana wa gereji akaniambia ukiandika jambo zuri unapewa soda. Aliandika, akapewa. Alikiri kwamba siku ile alikuwa hajala.

Ndugu zangu, mnamdanganya nani? Anayelisoma daftari lile ni mteja mpya anayesubiri boksi, na ninyi wenyewe. Mteja mpya ataonja, atajua baada ya dakika kumi. Wanaobaki wamedanganywa ni ninyi. Laiti ukurasa wangu wa mwezi wa tano ungebaki, mngekuta nimeandika, mstari wa nne: "Tafadhali waambieni wanaouza kinachoingia kwenye sosi." Mwezi mmoja kabla ya mtoto.

Ndugu Meneja, wewe uliwahi kusema mbele ya watu kwamba wateja wa hapa hawajui chakula cha Kithai, wanalalamika tu. Nimelifikiria sana neno hilo. Ni kweli hatujafika Thailand. Lakini Ujiji ilipokea misafara kutoka pwani kabla ya reli kufika hapa mwaka 1914, na wageni hao walikuja na vyakula vyao. Tunakula migebuka kwa mawese, tunakula dagaa wachungu na ndimu, tunajua uchachu, tunajua harufu ya samaki aliyekaa kwenye chumvi. Ulimi wa Kigoma ndio ulioipokea som tam yenu siku ya kwanza. Huwezi kuusifu ulimi huo siku unapokulipa na kuutukana siku unapokusahihisha.

Na lile jibu la "asiyependa aende kwingine" naomba lisitumike. Wengi wameshakwenda. Mimi siwezi kuhama, mlango wangu unatazama wenu.

Ninayoomba ni haya. Karatasi moja ibandikwe dirishani, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, ikitaja kila mlo na vitu vyenye mzio vilivyomo: karanga, samaki, kamba, mayai, soya. Kila anayeuza dirishani aifahamu, na asiyejua aseme sijui, aite mpishi. Karai la nguruwe liwe peke yake, na mwiko wake peke yake, mahali ambapo mteja anaweza kuliona. Hamwezi? Basi andikeni kwamba jikoni ni moja, wa Ujiji waamue wenyewe. Wali ulale kwenye friji, soda zitapoa kwenye ndoo ya barafu. Mlo uliobadilishwa ubadilishwe na jina. Boksi nawaachia, nimeshasema.

Daftari lifunguliwe jipya, kurasa zihesabiwe kwa namba kuanzia ya kwanza, na kila lalamiko mlijibu chini yake kwa mkono wenu, hata kwa neno moja. Soda za sifa zikome. Na mdogo wangu wa Kasulu apigiwe simu. Hadai fidia, anataka kusikia mtu akimwambia pole. Namba yake nitawapa nikiombwa.

Nawapa hadi mwisho wa mwezi huu. Kukiwa kimya kama ilivyokuwa, suala la karanga na wali nitalipeleka kwa Afisa Afya wa kata aje aone jikoni, na suala la majina na sifa za kununuliwa nitaliandikia Tume ya Ushindani, kwa kuwa kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yao. Nakala ya barua hii nimeibandika kwenye mlango wangu, upande wa nje. Kuichana kunahitaji kuvuka barabara, nami nitakuwa nimekaa hapo hapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi Cherehani wa mkabala

N.B. Ndugu Mmiliki, suruali yako ya kitenge iko tayari tangu Jumanne. Kiunoni nimeacha vidole viwili vya akiba kama ulivyotaka. Imebaki elfu mbili. Karibu uichukue wakati wowote, hata kama umekasirika.